Presha ya 134 kwa Mtu wa Mazoezi

Mtu anayekimbia mara nne kwa wiki akiambiwa presha yake ni 134 kwa 86, kwanza hushuku mashine, kisha huahidi kuongeza mazoezi. Shaka hiyo ina msingi, na tutaieleza kwa kirefu. Ahadi ndiyo yenye kasoro. Kwa mtu ambaye tayari anatoka jasho vya kutosha, presha iliyopanda kidogo haishuki sana kwa kuongeza kilomita. Hushuka kwa kurekebisha mambo yanayoyazunguka mazoezi hayo: chumvi inayonywewa pamoja na maji, vidonge vya maumivu, poda za kuamsha mwili, usingizi unaokatwa ili kuwahi mbio za alfajiri, na saa nyingi za kukaa kitini baada ya mbio hizo.

Namba zenyewe zinahitaji maelezo, maana mwongozo wa Marekani na wa Ulaya hauzipangi sawasawa. Kwa Marekani, tangu 2017, presha ya kawaida ni chini ya 120 kwa 80. Namba ya juu ikiwa kati ya 120 na 129 na ya chini haijafika 80, presha imeinuka. Ya juu ikifika 130, au ya chini ikifika 80, hiyo ni hatua ya kwanza ya ugonjwa wa shinikizo la damu. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa 2024 unahesabu eneo lote la 120 hadi 139 kwa 70 hadi 89 kuwa presha iliyoinuka, na ugonjwa unaanzia 140 kwa 90. Kwa hiyo mwenye 134 kwa 86 ni mgonjwa kwa mwongozo mmoja na si mgonjwa kwa mwingine.

Tofauti hiyo isimpe mtu kisingizio. Uchambuzi uliochapishwa 2002, uliounganisha tafiti 61 na watu wazima wapatao milioni moja, ulionyesha kuwa kati ya miaka 40 na 69, kila namba ya juu inapopanda kwa 20, au ya chini kwa 10, hatari ya kufa kwa kiharusi au kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo huongezeka takriban maradufu. Ongezeko hilo linaanzia chini kabisa, kwenye 115 kwa 75. Tena presha ya katikati haikai ilipo. Utafiti wa Framingham, Marekani, uliripoti 2001 kwamba kati ya watu wa miaka 35 hadi 64 waliokuwa na 130–139 kwa 85–89, asilimia 37 walikuwa wamevuka 140 kwa 90 ndani ya miaka minne. Kwa waliokuwa chini ya 120 kwa 80, ni asilimia 5 tu.

Mbona basi mazoezi hayakumkinga? Yalimkinga, ila faida hiyo ameshaichukua. Mtu mwenye presha ya juu asiyefanya mazoezi akianza kutembea haraka, kukimbia au kuendesha baiskeli kwa dakika 150 kwa wiki, namba yake ya juu inaweza kushuka kwa 5 hadi 8 katika miezi michache. Mwenye presha ya kawaida hushuka kwa kiasi kidogo kuliko hicho, pengine 2 hadi 4. Anayeruka kutoka dakika 300 hadi 450 hapati mgawo mwingine wa ukubwa uleule. Urithi, umri, ugumu wa mishipa na kazi ya figo vinabaki palepale, na mazoezi hayavifuti. Bila mbio hizo, 134 yake huenda ingekuwa 140. Hilo ni jambo la kushukuru, lakini si sababu ya kuipuuza 134.

Sasa turudi kwenye ile shaka juu ya mashine. Mara nyingi mashine ni nzima na kosa liko kwenye mkono. Mkono ukiwa chini ya usawa wa moyo, uzito wa damu iliyomo kwenye mshipa huongezwa kwenye kipimo, karibu milimita 8 za zebaki kwa kila sentimita 10. Utafiti uliochapishwa Marekani 2024 uliwapima watu walewale kwa mikao mitatu. Mkono uliolazwa mapajani uliongeza karibu 4 kwenye namba ya juu kuliko mkono uliokaa mezani, na mkono ulioachwa ukining'inia uliongeza kati ya 6 na 7. Hiyo peke yake inatosha kumtoa mtu kwenye 128 na kumpeleka 134.

Mkanda nao ni tatizo kubwa kwa watu wanaonyanyua vyuma. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unatakiwa kuzunguka angalau asilimia 75 hadi 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hulazimika kujazwa hewa zaidi ndipo uubane mshipa, na mashine husoma shinikizo hilo la ziada kama la damu. Jaribio lililochapishwa 2023 lilionyesha kuwa waliohitaji mkanda mkubwa wakapimwa kwa wa kawaida waliongezewa karibu 5 kwenye namba ya juu, na waliohitaji mkubwa kabisa waliongezewa karibu 20. Mashine haichagui kama mkono umejaa misuli au mafuta. Chukua tepu ya fundi nguo, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, kisha linganisha na vipimo vilivyochapwa kwenye mkanda wenyewe. Ikiwa mkono wako ni sentimita 36 na mkanda umeandikwa 22 hadi 32, namba zote ulizowahi kuandika kwa mashine hiyo hazina thamani.

Upimaji wa nyumbani unaoaminika uko hivi. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala chai, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, egemea, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, miguu isipishane. Mkono ulale mezani, katikati ya mkanda iwe usawa wa moyo, na mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya nguo. Kaa kimya dakika tano: hakuna mazungumzo, hakuna simu. Pima mara mbili, dakika moja kati ya kipimo na kipimo. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku saba, tupa vipimo vya siku ya kwanza, tafuta wastani wa vilivyobaki. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 unalingana na 140 kwa 90 ya kliniki, kwa hiyo anayepata 134 nyumbani yuko karibu na mpaka kuliko anayepata 134 mbele ya daktari. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili. Baada ya hapo utumie ule unaotoa namba kubwa.

Kuna mtego unaowahusu watu wa mazoezi peke yao. Baada ya kukimbia au kuendesha baiskeli, mishipa hubaki imelegea na presha hushuka kwa saa kadhaa, wakati mwingine karibu siku nzima. Anayejipima kila mara akitoka mbioni anajipima akiwa katika saa zake nzuri kuliko zote, na daftari lake litaonyesha 122 huku presha ya mchana wa kazi ikiwa 138. Madaktari wanaijua hali hii kama presha iliyojificha, na haikamatwi na kipimo kimoja cha kliniki. Kipimo cha asubuhi kichukuliwe kabla ya mazoezi, na ndani ya zile siku saba ziwemo siku za kupumzika. Pakiwa na utata, kifaa kinachovaliwa saa 24 na kupima chenyewe mchana na usiku ndicho kinachomaliza ubishi. Saa za mkononi zinazodai kupima presha bila mkanda hazijafikia kiwango cha kufanyia uamuzi.

Kipimo kikishathibitika, mahali pa kwanza pa kutazama ni chumvi, na kwa mtu wa mazoezi jambo hili lina upande wake ambao watu wengi hawaambiwi. Tangazo linasema jasho linapoteza chumvi, kwa hiyo irudishwe. Hesabu inasema nini? Lita moja ya jasho hubeba sodiamu kati ya miligramu 200 na 2,000 kutegemea mtu, na wengi wako karibu na 900. Anayekimbia saa moja akapoteza lita 0.8 amepoteza kama miligramu 700. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, yaani gramu 5 za chumvi, chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Lakini watu wengi hula karibu maradufu ya hapo. Anayekula gramu 9 za chumvi anaingiza miligramu 3,600 za sodiamu. Toa 700 za jasho, bado amepita kiwango kwa 900. Chakula chake cha kawaida kimeshalipa deni la jasho na ziada. Akiongeza kidonge cha kuyeyusha chenye miligramu 300, au pakiti yenye 1,000 kama zilivyo baadhi ya zinazouzwa siku hizi, anaongeza juu ya kilichokwisha kuzidi.

Chumvi ya ziada ina wenyewe: anayekwenda zaidi ya dakika 90 hadi 120 kwenye joto, anayefanya kazi ngumu juani kutwa, au yule ambaye fulana yake hukauka na ramani nyeupe za chumvi. Kujijua ni rahisi. Jipime uzito bila nguo kabla ya mazoezi ya saa moja na baada yake, ukiwa umejifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho, na maji uliyokunywa katikati yaongezwe kwenye hesabu. Ukipungua nusu kilo, maji matupu na mlo wako unaofuata vinatosha.

Chumvi hupandisha presha kwa sababu figo huzuia maji ili kuizimua, ujazo wa damu huongezeka, na baada ya muda kuta za mishipa zenyewe hubadilika. Miili haifanani. Wapo wanaopunguza gramu 4 na namba haisogei, wapo wanaoshuka kwa 8. Unyeti huo huongezeka kwa umri na kwa presha yenyewe inavyopanda. Njia ya kujua uko kundi gani ni kupunguza kwa wiki nne na kupima siku saba mwanzoni na siku saba mwishoni. Kuondoa kichupa cha chumvi mezani hakutoshi ikiwa unakula vyakula vya viwandani kwa wingi, maana hapo sehemu kubwa ya chumvi imo ndani tayari: mkate, soseji, jibini, tambi za haraka, supu za pakiti, vipande vya kuongeza ladha ya mchuzi, sosi za chupa. Soma lebo kwa gramu 100. Chumvi ikizidi gramu 1.5 chakula hicho ni cha chumvi nyingi, ikiwa 0.3 au chini ni kidogo. Lebo ikitaja sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5. Tazama hata kopo la poda ya protini na vipande vya protini vya kutafuna, kwa sababu hapo wanamazoezi hawategemei kukuta chumvi. Wiki mbili za kwanza chakula kitaonekana hakina ladha. Ulimi huzoea, na wengi baada ya mwezi au miwili huona chakula chao cha zamani kimezidi chumvi.

Upande wa pili wa mizani ni potasiamu, inayoisaidia figo kutoa sodiamu na mishipa kulegea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau miligramu 3,510 kwa siku, na zinapatikana kwenye matunda, mboga za majani, maharagwe na jamii zake, viazi, maziwa na mtindi. Jaribio la Marekani lililochapishwa 1997 liliwalisha watu 459, na waliopewa mlo wenye matunda na mboga nyingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi na mafuta machache ya wanyama walishuka kwa 5.5 kwa 3.0, bila kupunguza uzito na bila kupunguza chumvi. Waliokuwa na 140 kwa 90 au zaidi walishuka kwa 11.4 kwa 5.5. Badiliko lilionekana ndani ya wiki mbili. Kwa mtu wa mazoezi anayeishi kwa kuku, mayai na poda, tatizo huenda liko kwa vitu ambavyo havimo kwenye sahani kuliko kwa vilivyomo.

Ipo pia chumvi ambayo sehemu yake ni potasiamu. Jaribio la China lililochapishwa 2021, vijiji 600 na watu karibu 21,000 waliokuwa wamewahi kupata kiharusi au wenye umri mkubwa na presha, lilionyesha kuwa chumvi ya aina hiyo, robo yake ikiwa kloridi ya potasiamu, ilipunguza viharusi kwa asilimia 14. Ni njia nzuri, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo au anayemeza dawa za presha zinazozuia potasiamu isitoke. Huyo anaweza kupandisha potasiamu ya damu hadi moyo ukasimama. Aulize kwanza.

Nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kuangalia kabla ya vyote kwa mkimbiaji au mcheza mpira wa makamo, nitachagua kabati la dawa. Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake huzuia kemikali zinazoweka mishipa ya figo wazi, figo huanza kuzuia chumvi na maji, na presha hupanda. Katika utafiti uliopima presha kwa saa 24 na kuchapishwa 2017, ibuprofeni iliyomezwa kila siku kwa miezi minne ilipandisha namba ya juu kwa wastani wa 3.7. Paracetamol si kimbilio salama kabisa pia: gramu 4 kila siku kwa wiki mbili ziliipandisha kwa karibu 5 kwa watu wenye presha, katika jaribio lililochapishwa 2022. Kidonge kimoja baada ya mechi hakina neno. Tatizo ni yule mwenye goti bovu anayemeza viwili asubuhi ili akimbie na viwili usiku ili alale, mwaka mzima, na hajawahi kuvitaja kwa daktari kwa kuwa alivinunua mwenyewe. Akimeza kabla ya mbio ndefu za jua kali, figo zilizopungukiwa maji zinapata pigo la pili.

Aina ya kidonge pia ina maana. Vidonge vya kuyeyusha kwenye maji huchemka kwa sababu vina magadi, yaani sodiamu. Kimoja cha paracetamol cha namna hiyo kinaweza kuwa na karibu miligramu 400. Viwili mara nne kwa siku ni zaidi ya miligramu 3,000, kabla hujala chochote. Dawa za mafua za kuzibua pua zenye pseudoefedrini hukaza mishipa. Vidonge vya kuzuia mimba vyenye estrojeni hupandisha presha kwa baadhi ya wanawake, kwa hiyo presha ipimwe kabla ya kuvianza na miezi michache baadaye. Na homoni za kukuza misuli zinazopitishwa chini kwa chini jimu huongeza wingi wa chembe za damu na kuifanya nzito. Anayezitumia huku akitafuta kosa kwenye chumvi anajipotezea muda.

Kafeini inahitaji hesabu, haihitaji hofu. Miligramu 200 hadi 300 kwa mpigo hupandisha presha kwa karibu 8 kwa 6 ndani ya saa ya kwanza, na athari hudumu saa tatu au zaidi. Kwa anayekunywa kahawa kila siku mwili huzoea kwa sehemu. Lakini kijiko kimoja cha poda ya kuamsha mwili inayonywewa kabla ya mazoezi mara nyingi kina kiasi hicho au zaidi, na ndani yake huchanganywa vichangamsho vingine kama yohimbini au vitu vya chungwa chungu, ambavyo navyo hukaza mishipa. Kisha hunywewa saa kumi na moja jioni, usingizi unaondoka, na uchovu wa kesho unatibiwa kwa kijiko kingine. Jipime kabla ya kukinywa, kisha dakika 45 baadaye ukiwa umekaa bila kuanza mazoezi. Tofauti ikizidi 10, umepata jibu lako.

Kuhusu vyuma kuna hofu isiyo sahihi na kuna hadhari iliyo sahihi. Mwaka 1985 watafiti waliwawekea wanyanyuaji kipimo ndani ya mshipa wa mkono wakiwa wanasukuma uzito mkubwa kwa miguu yote miwili, na wastani wa kilele ulifika 320 kwa 250. Sababu mbili ziliungana: misuli iliyokazwa iliiminya mishipa, na pumzi iliyozuiwa iliongeza shinikizo kifuani. Kilele hicho huisha mara uzito unaposhuka, na mazoezi ya nguvu ya kawaida hayapandishi presha ya kupumzika, bali huishusha kidogo. Mwenye 134 hana haja ya kuacha vyuma. Apunguze seti za kwenda hadi kushindwa kabisa, achague uzito anaoweza kuurudia mara 10 hadi 15, atoe pumzi anaposukuma na kuivuta anaposhusha.

Kama kuna zoezi la kuongeza, si kilomita, ni kukaza misuli bila kusogea. Uchambuzi wa 2023 uliounganisha majaribio 270 uliliweka juu ya aina nyingine zote, kwa wastani wa kushusha 8 kwa 4. Majaribio mengi kati ya hayo ni madogo, kwa hiyo ningetarajia pungufu ya hapo. Lakini linachukua muda mchache na halihitaji kifaa. Egemeza mgongo ukutani, sogeza nyayo mbele kama sentimita 60 kutoka ukutani, teremka mpaka magoti yakunje. Kaa hapo dakika mbili, pumzika dakika mbili, rudia hadi zitimie mara nne. Fanya siku tatu kwa wiki, usiziunganishe. Kina ndicho kipimo cha ugumu. Ukiweza kumaliza dakika ya pili bila miguu kutetemeka, teremka kidogo. Ukianza kuzuia pumzi kabla ya dakika moja, panda kidogo. Hesabu kwa sauti mwanzo hadi mwisho, maana anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Magoti yakiuma kwa ndani badala ya mapaja kuchoka, umeteremka mno au nyayo ziko karibu mno na ukuta. Tarajia kuona tofauti baada ya wiki nane hivi, na ukiacha faida hupotea ndani ya wiki chache.

Saa moja ya mazoezi huenda isiondoe madhara yote ya saa tisa za kiti. Inuka kila nusu saa, tembea dakika tatu.

Usingizi unastahili maneno zaidi. Usiku presha inatakiwa kushuka kwa asilimia 10 hadi 20 kuliko mchana, na ni saa hizo mishipa inapumzika. Anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi ili akimbie kabla ya kazi anaipunguza nafasi hiyo kila siku, na kwa maoni yetu kubadilisha saa moja ya usingizi kwa saa moja ya mbio ni biashara ya hasara kwa mwenye presha iliyoinuka. Ahamishe mbio jioni au apunguze siku mbili. Halafu kuna kukoroma. Njia ya hewa ikijiziba usingizini, oksijeni hushuka, mwili hushtuka na mishipa hukazwa, mara kadhaa kwa saa. Wembamba hauzuii hali hii, na wanyanyuaji wenye shingo nene wako hatarini zaidi. Dalili ni koromo linalokatika kwa ukimya na kuanza tena kwa kishindo, kuamka na kichwa kizito au kinywa kikavu, kusinzia mchana. Anayelala chumbani nawe ndiye shahidi, mwulize. Kama jibu ni ndiyo, omba kipimo cha usingizi, kwa sababu hapo chumvi na mbio hazitatosha.

Pombe: wanaotoka jasho Jumamosi asubuhi na kunywa sana Jumamosi usiku hupata presha ya juu ya Jumapili na Jumatatu, na hawaiunganishi na chupa. Kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo presha inavyokuwa chini. Uzito: kila kilo inayopungua hushusha karibu 1, na kwa mtu wa misuli tepu ya kiunoni inasema kweli kuliko mizani. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wako, kuna mafuta ya tumboni ya kuondoa.

Mpangilio wa kuyajaribu haya una maana kuliko wingi wake. Wiki ya kwanza, pima siku saba bila kubadili kitu. Wiki mbili zinazofuata, ondoa vidonge vya maumivu ulivyojianzishia mwenyewe, poda za kuamsha mwili na vidonge vya chumvi, kwa kuwa hivi vikiwa ndiyo chanzo jibu huja upesi. Pima tena. Baada ya hapo gusa chakula kwa wiki nne, ukianza zoezi la ukutani pamoja nacho, na usingizi urekebishwe tangu siku ya kwanza ya wiki hizo nne. Miezi mitatu hadi sita ndiyo muda ambao mwongozo wa Marekani unampa mwenye hatua ya kwanza asiye na hatari nyingine kabla ya kufikiria dawa.

Muda huo haumhusu mwenye kisukari, ugonjwa wa figo, au aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo. Huyo amwone daktari sasa. Wengine wote pia wafanyiwe vipimo vya msingi mapema: protini kwenye mkojo, kazi ya figo, sodiamu na potasiamu, sukari, mafuta ya damu, na umeme wa moyo. Potasiamu ikiwa chini bila sababu, au presha ikiwa juu kabla ya miaka 40, daktari atafute chanzo kilichofichika, hasa homoni ya aldosteroni inayozalishwa kupita kiasi. Na namba ikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja, kuchanganyikiwa au macho kupoteza nuru, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo.

Dawa ikihitajika, mwambie daktari unafanya mazoezi gani na kwa muda gani, maana uchaguzi unabadilika. Dawa zinazopunguza mapigo ya moyo humwekea mkimbiaji dari ambayo mapafu na miguu haivuki, na kipimo cha mapigo alichozoea kufundishia mwili hakimfai tena. Dawa za kukojoza huondoa maji na chumvi ambavyo jasho nalo linaondoa. Tena mshindani anayepimwa dawa michezoni hawezi kuzitumia bila kibali, kwa kuwa dawa za kukojoza zimepigwa marufuku wakati wote, na zile za mapigo zimezuiwa katika baadhi ya michezo, kama ile ya shabaha. Zinazolegeza mishipa, ama kwa kuzuia kalsiamu au kwa kuzuia mfumo wa homoni ya angiotensini, haziathiri sana uwezo wa kukimbia. Hizi za angiotensini hazifai kwa mjamzito wala kwa anayetarajia kushika mimba. Na dawa ya angiotensini, ya kukojoza na ibuprofeni zikikutana kwa mtu aliyekaukiwa maji baada ya mbio ndefu, figo zinaweza kusimama kufanya kazi ndani ya siku chache, kwa hiyo kile kidonge cha goti kitajwe kabla cheti hakijaandikwa.